Ufundi wa Motokaa katika Mwambao wa Rumonge

Waliopata kuandika tarikhi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia mlango wa Mto Ruzizi hadi Nyanza-Lac, aghalabu wameandika juu ya misafara ya pembe, juu ya Rumaliza wa Ujiji na vita vyake na Mwami Mwezi Gisabo, juu ya Wadachi (Wajerumani) waliojenga boma la Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, na juu ya Wabelgiji waliowaondoa mwaka 1916. Na katika maandiko hayo Waswahili wa Rumonge, wa Nyanza-Lac na wa Buyenzi mjini Bujumbura huonekana kuwa wachuuzi, wavuvi, wapagazi na waumini, lakini ni nadra sana kuonekana kuwa mafundi. Upungufu huo si mdogo, maana mtu aliyepata kuharibikiwa na gari katika njia ile ya kando ya ziwa, yenye kilomita sabini na kitu baina ya Bujumbura na Rumonge, ajua vema kuwa wakati wa dhiki hakumtafuta mchuuzi wala mwana wa chuoni. Alimtafuta fundi, na fundi huyo, mara nyingi, alimjibu kwa Kiswahili.

Nadai jambo moja katika insha hii, nalo ni kwamba ufundi wa motokaa katika mwambao huu haukushuka kutoka milimani pamoja na barabara, wala haukuletwa na shule peke yake. Ulizaliwa majini, ukalelewa na uhaba, na madrasa yake ya juu kabisa ikawa ile motokaa ya fahari iliyochakaa, ambayo mwenyewe wa kwanza alikwisha kuisahau.

Kabla ya injini yoyote kunguruma katika ziwa palikuwa na maseremala wa vyombo. Mwaka 1858, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, walikuta mitumbwi ya kuchongwa kwa wingi, pamoja na habari ya jahazi la mfanyabiashara wa Kiarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, lililokuwa ng'ambo ya magharibi, hata Speke akavuka kwenda kuliomba na akarudi mikono mitupu. Jahazi katika ziwa lililo mbali namna ile na bahari ya chumvi lilikuwa ni kazi ya watu wasioweza kuagiza kitu kilicho tayari: watu wa kupima, kukata, kujaribisha, kuondoa na kuchonga tena mpaka ubao ukubali mahali pake. Tabia hiyo haikufa pembe zilipokwisha, bali ilihamia katika chuma.

Injini za petroli zilifika ziwani kwa njia ya vita, wakati ambapo barabara za Urundi bado zilikuwa njia za miguu. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo ziitwazo Mimi na Toutou, zilizoundwa na Thornycroft, kila moja ikiwa na injini mbili za petroli, wakazikokota nchi kavu kutoka kusini ya Afrika kupitia Katanga. Na tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wadachi iitwayo Kingani, kisha Februari ya mwaka uliofuata zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini kwa mtu wa ufundi, kisa kikubwa cha vita vile ni kile cha Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha maelfu hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wadachi walipolazimika kuikimbia Kigoma mwezi Julai 1916, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Na mainjinia wake, kabla ya kuiachia maji, waliipaka mitambo yake grisi nzito pembe zote. Iliinuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na mitambo ile ile. Sijui kama liko somo lililo bora kuliko hilo kwa mwanagenzi yeyote wa gereji. Mtambo unaoachwa kwa adabu hurudi, na ule unaoachwa kwa ghadhabu haurudi.

Baada ya vita, Ruanda-Urundi ikiwa mikononi mwa Wabelgiji, ziwa liliendelea kuwa mlango wa nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Uingereza maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, maarufu kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kwa hiyo motokaa iliyokusudiwa Usumbura iliweza kushushwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli, ikapakiwa melini Kigoma na kufika Usumbura kwa maji. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na watu wake, na wengi wao walisema Kiswahili: wapakuzi, makuli, madereva, na wale vijana waliosimama kando ya mzungu aliyekuwa akifungua kasha, wakimpa spana na kutazama anavyoitumia. Fundi wa kwanza wa mwambao alikuwa mtu wa kutazama. Hakupewa kitabu, na hata angepewa, kitabu kilikuwa cha Kifaransa au cha Kidachi.

Hata hivyo, kilichomgeuza mtazamaji kuwa fundi kamili, kwa maoni yangu, ni uvuvi. Katika miaka ya 1950 Wayunani walianzisha katika pembe ya kaskazini ya ziwa uvuvi wa meli za chuma na nyavu za kuzungushia, na karibu na wakati huo huo wavuvi wa kawaida wakaanza kufunga mitumbwi miwili pamoja, wavu ukiteremshwa kati yake, na taa za karabai zikiwaita samaki wa ndagala na mukeke usiku wa giza. Karabai ya kutia upepo ni mtambo mdogo wenye tabia zote za mtambo mkubwa: ina mafuta, ina shinikizo, ina tundu jembamba linaloziba kwa chembe ya taka, na ina sindano ya kulizibua, na mvuvi asiyejua kuitengeneza hurudi pwani bila samaki. Baadaye mashua zikatiwa injini, na hapo shule ikawa ngumu zaidi. Mtu ambaye injini yake imezimika katikati ya ziwa, upepo wa kusi ukianza kuvuma, hawezi kumwita mtu, hana kipuri ila kile kilicho ndani ya boti, na hana wasaa wa kubahatisha. Sharti aanze na lililo karibu na kwenda kwenye lililo mbali: je, mafuta yafika? Je, hewa yapita? Je, moto upo? Mpango huo wa maswali matatu, unaofuatwa kwa zamu bila kurukwa, ndio msingi wa uganga wote wa injini, na watu wa Rumonge waliupata majini kabla ya kuutumia barabarani.

Sasa na tuje kwenye motokaa ya fahari. Mwaka 1955 Citroën waliionyesha Paris ile DS, na magari ya namna hiyo yaliundwa pia Ubelgiji, katika kiwanda chao cha Forest mjini Brussels. Na mwaka 1958 Mercedes-Benz wakatoa 190D, motokaa ya heshima yenye injini ya dizeli, ambayo ilifuatwa na 200D na 220D za mwaka 1968, kisha na ule ukoo maarufu uitwao W123, ulioundwa tangu 1976 hadi ukingoni mwa 1985, kwa hesabu ya karibu magari milioni 2.7. Afrika Mashariki nzima, zama za uhuru, watu waliwaita wakubwa waliopanda magari hayo Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililozuka katika nchi. Na Burundi, ambayo ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, haikukosa watu wa kabila hilo. Lakini motokaa ya mkubwa ina maisha marefu kuliko cheo chake. Mkubwa huiuza kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara huiuza kwa mwenye teksi, na mwenye teksi, baada ya kuichosha, humwachia mtu wa mwambao, ambaye huijaza mapipa ya mawese na makapu ya samaki na kuidai ikimbie kama siku ilipotoka kiwandani. Hapo ndipo gari la fahari linapoanza kumfunza mtu.

Kwa nini Mercedes ya dizeli ilidumu, na DS, pamoja na uzuri wake wa ajabu, haikuweza kudumu vivyo hivyo? Jibu si ubora. DS ilikuwa na springi za hewa na maji: matufe ya chuma yaliyojazwa gesi ya naitrojeni, na pampu iliyosukuma maji maalumu kwenda kwenye springi, breki, gia na hata usukani. Maji hayo kwanza yalikuwa mekundu, kisha tangu mwaka 1966 na 1967 yakaja ya kijani, na mtu aliyetia ya kijani katika gari la mekundu, au kinyume chake, aliiharibu mipira yote ya ndani. Tufe likipoteza gesi, hapana nyundo wala spana ya kulirudishia; sharti mtambo wa kujazia, na mtambo huo haukupatikana kando ya ziwa. Uhai wa DS, basi, ulitegemea ugavi. Mercedes ya dizeli ilitegemea kipimo, na kipimo ni kitu ambacho mtu maskini aweza kuwa nacho.

Tuchukue mfano wa vali. Katika injini zile za dizeli za silinda nne na tano, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotiwa katika 200D, 220D, 240D na 300D, nafasi kati ya kamshafti na roka hutakiwa iwe milimita 0.10 kwa vali ya kuingiza hewa, na pana zaidi kwa vali ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Kazi hii haihitaji ila kipande chembamba cha chuma cha kupimia, spana namba 14, na subira. Kadiri vali inavyokaa na kujichimbia katika kitako chake, nafasi hupungua, mpaka vali haifungi sawasawa, mbano huvuja, na gari huanza kukataa kuwaka asubuhi. Na mwenyewe, asiyejua, hununua betri mpya. Fundi wa zamani alipoletewa gari la namna hiyo hakugusa betri. Alifungua mfuniko, akazungusha injini kwa mkono, akapima vali moja moja, akazirejesha katika haki yake, na gari likawaka. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya betri, na hilo, nasikitika kusema, ndilo lililowafanya baadhi ya wenye magari wamdharau.

Uganga wa kweli ulikuwa katika pampu ya mafuta. Pampu za Bosch za magari yale ya zamani, hadi miaka ya 1970, zilikuwa na kidhibiti cha mwendo kilichofanya kazi kwa ombwe: hewa iliyovutwa na injini ilipitia mlango mwembamba, ikazaa mvuto, na mvuto huo ukavuta kiwambo cha ngozi kilichoshika ufito wa kugawa mafuta. Naam, ngozi halisi ya mnyama, ndani ya gari la waziri. Ngozi hiyo ikikauka au ikitoboka, injini ikiwa tuli hupanda na kushuka yenyewe bila mguu wa dereva. Mwenye gari huja na mashaka tele.

"Fundi, gari langu limeingiwa na homa, linatetemeka hata likisimama."

"Tangu lini, mzee wangu? Likiwa baridi, au hata likishapata moto? Na moshi wake asubuhi, ni wa rangi gani?"

Maswali hayo si mazungumzo ya kupitisha wakati. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, au hewa iliyozuiwa. Moshi mweupe ni mafuta yasiyoungua, kwa baridi, kwa mbano hafifu au kwa sindano kumwaga kwa kuchelewa. Na moshi wa samawati ni oili iliyopenya mahali pasipo pake. Baada ya kusikia, fundi hujaribu kiwambo: husukuma wenzo wa kuzimia mpaka mwisho, huziba tundu la ombwe kwa kidole chake kilicholowa, kisha huuachia wenzo; ukibaki pale pale, ngozi ni nzima, na ukirudi, ngozi imetoboka. Hapana chombo kingine kinachohitajiwa ila kidole. Ngozi iliyokauka bila kutoboka hurudishiwa ulaini kwa mafuta, na iliyotoboka hubadilishwa. Sitashangaa nikiambiwa kuwa wapo waliojikatia ngozi nyingine wenyewe, maadamu katika nchi ya ngoma ngozi nzuri haikosekani. Lakini kiwambo cha pampu hutaka unene ulio sawa kila mahali, na fundi mwenye kujiheshimu hungoja kilicho halali.

Kisha kuna wakati wa kumwaga. Katika injini hizo pampu hutakiwa ianze kusukuma mafuta kwenye silinda ya kwanza nyuzi 24 kabla ya pisitoni kufika juu, na namna ya kupima ni ya kupendeza kwa wepesi wake. Fundi huondoa springi na vali ndogo ya njia ya kwanza ya pampu, huweka mahali pake mrija uliopinda mfano wa shingo ya bata, huzungusha injini polepole kwa spana, na hutazama mafuta yakitoka kwa mfululizo, kisha yakipungua, kisha yakidondoka tone moja kwa kadiri ya sekunde moja. Hapo husimama na kusoma alama kwenye puli. Ikiwa alama si 24, huilegeza pampu, huigeuza kidogo na kuanza tena. Nimewaona watu wakifanya kazi hii katika joto la mchana wa Rumonge kwa utulivu wa mtu anayesoma, wala hakuna aliyethubutu kuwasemesha kabla tone halijadondoka.

Magari ya ukoo wa W123 yalileta fumbo jipya. Ombwe liliacha kutawala mwendo wa injini, likapewa kazi ya kuizima, na mirija ile ile ikafunga na kufungua milango, kwa hiyo ikawa kwamba kufuli la mlango wa nyuma likivuja, dereva alizima gari, akachomoa ufunguo, akasimama nao mkononi, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba haijaambiwa neno. Wengi walidhani ni uchawi, au walidhani swichi imekufa, wakanunua swichi. Fundi mjuzi aliinua boneti, akaizima kwa wenzo mwekundu ulioandikwa STOP, kisha akaiwasha tena na kuanza kuziba mirija mmoja baada ya mwingine, akitenga kwanza upande wa milango, kisha pampu ya ombwe, kisha kizimio chenyewe, mpaka alipofika mahali ambapo akiziba injini inazimika. Na hapo hitilafu haikuwa na pa kujificha. Njia hiyo ya kugawa tatizo vipande na kuondoa kilicho kizima ni hoja safi ya kimantiki, na aliyeifuata hakuhitaji kuwa amesoma mantiki.

Sitaki kuwasifu mafundi kupita haki yao. Yapo mazoea mabaya yaliyoenea katika mwambao huu, na mawili yanastahili kulaumiwa waziwazi. La kwanza ni kuondoa themostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto, ilhali katika injini hizi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, maji ya moto hukata njia na kurudi katika injini bila kupitia rejeta, na gari huchemka zaidi katika mlima wa kwenda Bururi. La pili ni kuongeza mafuta katika pampu ili gari lipate nguvu. Ziwa liko katika kimo cha mita 770 hivi, na milima iliyo nyuma ya Rumonge hupita mita 2,000, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, injini iliyoshibishwa huku pwani huvimbiwa kule juu: hutoa moshi mweusi, joto hupanda, na mwishowe kichwa cha silinda hupasuka. Fundi aliyefungua skrubu ile iliyotiwa muhuri na kiwanda alimpa mteja wake raha ya wiki na hasara ya mwaka.

Na kwa kuwa tumetaja mafuta, haifai kuondoka Rumonge bila kuyataja mawese, maana huu ni mji wa michikichi. Injini ya dizeli ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga; na mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mimea, hasa mawese, kwa kuyachanganya na alkoholi ili yafae injini za dizeli, na mwaka 1938 basi la abiria likaendeshwa kwa mafuta hayo baina ya Brussels na Louvain. Mawese yaliyofikiriwa na Chavanne yalikuwa ya Kongo, lakini mtu wa Rumonge ana haki ya kushangaa kwamba zao lake liliendesha gari Ulaya wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa akingoja mazutu, yaani dizeli, yaje kwa meli. Mawese mabichi, hata hivyo, hayafai: huganda kwa baridi, huziba chujio, na huacha utando katika sindano, wala asidanganyike mtu kwa sababu injini iliwaka siku ya kwanza.

Mikasa ya nchi iliutikisa ufundi huu kuliko ubovu wa barabara. Uasi ulipozuka Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na kisasi cha serikali kikafuata nchi nzima na kuua watu wengi mno, maelfu walikimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi usiku hadi Kigoma, na wengi wakapelekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo; na pamoja na watu ukaondoka ujuzi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliifanya njia ya kando ya ziwa kuwa njia ya kuvizia. Kisha, baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, majirani wa Burundi walikutana Arusha tarehe 31 ya mwezi ule ule wakaiwekea nchi vikwazo, ambavyo havikusitishwa hadi Januari 1999. Wakati huo mafuta yalipatikana kwa magendo na kwa bei ya kutisha, vipuri vikawa adimu, na gari ambalo uhai wake ulitegemea kipimo lilikuwa na faida kubwa juu ya lile lililotegemea duka. Ujuzi wa vali, wa tone na wa kidole kilicholowa ulipata thamani ambayo haukupata kuwa nayo siku za neema.

Hata biashara ya vipuri yenyewe ilihitaji maarifa. Burundi huendesha gari upande wa kulia wa njia, kwa mazoea ya Kibelgiji, na Tanzania upande wa kushoto; basi fundi wa Rumonge aliyeagiza vipuri Kigoma au Dar es Salaam alijua kuwa sindano, gasketi, vali na pampu vitakubali, lakini sanduku la usukani halitakubali, kwa kuwa Mercedes ya Dar es Salaam imefungiwa usukani wake upande wa pili. Asiyejua hayo alilipa nauli ya meli kwa chuma kisichofaa.

Siku hizi njia ya Rumonge imejaa magari ya Kijapani, na miongoni mwake Toyota Probox ndiyo sultani, ikiwa na usukani upande wa kulia katika nchi ya kuendesha kulia, na ikibeba watu kuliko waundaji wake walivyowaza. Gari la namna hii huambiwa maradhi yake na kompyuta ndogo inayochomekwa chini ya usukani, na fundi kijana husoma namba, hung'oa kitu kilichotajwa na kutia kingine. Sisemi kuwa jambo hilo ni batili. Lakini namba husema mahali palipolalamika, na mahali palipolalamika si lazima pawe mahali penye kosa: kihisio cha hewa chaweza kulaumiwa kwa ufa ulio katika mpira wa bei rahisi, na kijana asiyejua kuziba mirija mmoja baada ya mwingine atauza vihisio vitatu kabla ya kuuona ufa huo. Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura unaojulikana kwa ufundi wa magari, tofauti ya fundi na mbadilishaji ingali ikipimwa kwa jambo hilo.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa shule ya ufundi ya Kamenge, kwa vijana wa gereji za Buyenzi, na kwa kila msomaji wa Rumonge au Nyanza-Lac aliye jirani na mzee aliyepata kuitengeneza Mercedes ya dizeli kabla ya mwaka 1990. Mwendee na daftari, umsalimu kwa adabu, umuulize vipimo alivyotumia, dalili alizozitazama na makosa aliyoyakuta, na uyaandike kwa Kiswahili kile kile atakachokusemea, pamoja na maneno ya Kifaransa aliyoyazoea, bila kuyasahihisha. Vitabu vya kiwanda vipo na vitaendelea kuwapo Stuttgart. Ya mzee huyo hayajaandikwa popote, na umri wake hautungojei.